Laini tatu, mnara mmoja

Jumamosi moja mwaka jana nilikuwa harusini Ujiji. Mpiga video alikuwa kijana wa Mwanga, mtaa wa hapa Kigoma, ninayemfahamu tangu enzi akiwaingizia watu nyimbo kwenye simu pale sokoni. Siku hizi anarusha harusi na misiba mubashara, na kazi ipo, kwa sababu Kigoma ni mkoa wa watu waliotawanyika. Huyu ana kaka Dar, yule ana shangazi Bujumbura, na familia nyingi zilizopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu zina watoto Marekani na Kanada ambao hawajaiona mvua ya huku kwa miaka kumi. Wote wanataka kuona bibi harusi anavyoingia ukumbini.

Siku hiyo alikuwa amejipanga. Kompyuta mpakato moja, modemu mbili, simu moja pembeni, laini za mitandao mitatu, na juu yake programu aliyoilipia kwa dola ili laini zote tatu ziwe kitu kimoja. Akanionyesha vipimo vinavyopanda. "Kaka, habari ya kukatakata nimeimaliza."

Umeme ukaondoka wakati keki inaletwa. Hapakuwa na taharuki, jenereta ya ukumbi ikawashwa na MC akaendelea kuwatania mashemeji. Baada ya muda, nadhani dakika ishirini hivi, laini zote tatu zikashuka kwa pamoja, kama watoto walioitwa na mama mmoja. Marekani wakabaki wanatazama duara linalozunguka.

Programu yake sitaitaja, maana haikukosea. Ilifanya kila ilichoahidi. Kosa lilikuwa kwenye hesabu. Alihesabu laini tatu mahali penye mnara mmoja, na betri ya mnara ule ilipoisha, ilikwisha kwa mitandao yote iliyouning'inia.

Nasema haya kwa sababu biashara ya kuunganisha intaneti kadhaa kuwa moja sasa inafika huku kwetu, na inakuja na maneno matamu. Kampuni inayojulikana zaidi kwa watumiaji wa kawaida ni Connectify ya Philadelphia. Ilianza 2009 kwa programu ya kugeuza kompyuta kuwa hotispoti. Baadaye ikaja na Dispatch, ambayo iliugawa mzigo kati ya laini zilizopo, na mwaka 2014 ikatoa Speedify, ambayo inaziunganisha laini kweli kweli. Kwa wenye mifuko mirefu kuna Peplink ya Hong Kong, inayouza maboksi ya kufungwa kwenye meli na mabasi, na Viprinet ya Ujerumani. Watu wa televisheni nao wana mabegi ya LiveU, kampuni iliyoanzishwa 2006, yenye laini nyingi za simu ndani. Ripota akiwa amesimama kwenye mafuriko na picha haikwami, mara nyingi mgongoni mwa mpiga picha wake kuna begi la aina hiyo.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kampuni zote hizi. Enzi za ISDN, zile laini za simu za waya za kidijitali, watu walikuwa wanafunga chaneli mbili za kilobiti 64 wapate 128 na kujiona matajiri. Utaratibu wa kufanya hivyo uliandikwa rasmi katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2013 Apple wakaanza kuitumia njia inayoitwa MPTCP ndani ya iPhone, ili Siri, msaidizi wake wa sauti, isikatike mtu anapotoka kwenye waifai kuingia kwenye data ya simu. Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi, ikaiingiza kwenye kiini chake mwaka 2020. Kwa hiyo anayekuuzia jambo hili kama uchawi mpya, mwambie apunguze bei.

Wazee wa Unyanyembe, kituo cha misafara ya zamani kule Tabora, wangeielewa teknolojia hii bila kufundishwa. Fikiria msafara unaotoka pwani na mzigo usiobebeka na mtu mmoja. Unafungwa mafurushi, kila furushi linapewa namba, na wapagazi wanaachiwa wapite njia tofauti. Hawa wanapita kusini, hawa kaskazini, wengine wanachelewa mtoni. Kule Ujiji anakaa mtu mwenye daftari. Kila furushi likifika anatazama namba, analipanga mahali pake, na mwenye mali anakabidhiwa mzigo kamili kana kwamba ulikuja mgongoni mwa mtu mmoja.

Huyo mwenye daftari ni seva, yaani kompyuta ya kampuni inayokaa upande wa pili wa mtandao, na asipokuwepo hakuna kuunganisha. Watu wengi wanadhani ukichomeka modemu mbili kwenye ruta yenye matundu mawili tayari umeziunganisha. Hapana. Ruta ya kawaida inagawa wateja tu. Simu ya baba inapita huku, kompyuta ya mtoto inapita kule. Nyumba yenye watu saba itaona nafuu, lakini faili moja unalopandisha, au video moja unayorusha, bado inapita laini moja tu na kasi yake ni ya laini hiyo. Kuifanya video moja ipite njia tatu kwa wakati mmoja kunahitaji mtu mwenye daftari upande wa pili, na huyo ndiye unayemlipa kila mwezi.

Anakaa wapi? Hapa ndipo Kigoma inapoanza kuumia. Nuru ndani ya faiba, ule waya wa kioo unaobeba intaneti, inasafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kutoka hapa hadi Dar, ambako kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, ni suala la milisekunde chache. Hakuna atakayezihisi. Lakini seva ikiwa Ulaya, njia ya kilomita 10,000 inakula milisekunde 100 kwenda na kurudi kabla hujahesabu foleni za njiani. Mafurushi yako yanatoka Mwanga, yanazunguka dunia kwenda kupangwa, halafu yanarudi kwenye tovuti ambayo pengine ilikuwa Dar tangu mwanzo. Kwa video ya harusi haina shida. Kwa mazungumzo ya ana kwa ana utaona mnaanza kukatizana maneno.

Halafu kuna la furushi linalochelewa. Barua za Livingstone zilifungwa Zanzibar Novemba 1870, zikakwama Bagamoyo, zikakwama tena Unyanyembe, na zikamfikia Ujiji karibu mwaka mmoja baadaye, mikononi mwa Stanley. Barua alizipata, lakini habari zilishachacha. Kwenye kuunganisha laini, furushi namba 7 likikwama kwenye mtandao wenye foleni, mwenye daftari analazimika kuyazuia mafurushi ya 8 hadi 20 mlangoni mpaka la 7 lije. Ndiyo maana laini mbovu inaweza kuirudisha nyuma ile nzuri badala ya kuisaidia. Programu zenye akili zinaitambua laini ya namna hiyo na kuiweka kando. Zisizo na akili zinaisubiri.

Kwa sababu hiyo ile hesabu ya matangazo, ya haba na haba kujaza kibaba, haijazi kibaba. Tuseme una laini zenye uwezo wa kupandisha megabiti 5, 3 na 2. Tangazo litakwambia 10. Ukitoa uzito wa kufungia na kupangia mafurushi, na ukitoa muda wa kusubiriana, ukipata 7 au 8 ushukuru. Nisieleweke vibaya, 8 ni nyingi. Video ya ubora wa 720 inatosheka na megabiti 4 hivi, na laini moja ya 5 inayopanda na kushuka haikuhakikishii hizo 4. Huku ndiko programu hizi zinakostahili sifa zao. Laini moja ikiyumba, nyingine zinabeba. Mnunuzi mwenye busara ananunua kutokatika, na kasi ikija anaihesabu kama nyongeza ya muuza dagaa.

Na kutokatika kunategemea kitu kimoja ambacho hakimo kwenye programu yoyote, yaani laini zako zimetofautiana kiasi gani kwa kweli.

Chukua minara. Tigo, ambayo tangu mwishoni mwa 2024 inaitwa Yas, ilikubaliana kuiuzia Helios Towers minara yake mwaka 2010. Vodacom ikafuata 2013, kwa kampuni ile ile. Airtel nayo ilitangaza mwaka 2021 kuuza ya kwake kwa ubia unaoongozwa na SBA ya Marekani. Mitandao yetu mikubwa, kwa sehemu kubwa, ni mpangaji kwenye minara ya watu. Ukitembea na laini mbili za rangi tofauti mfukoni, inawezekana kabisa antena zake zimefungwa kwenye chuma kimoja, zikila umeme wa betri zile zile na kulindwa na mlinzi yule yule.

Sisemi kuchangia mnara ni kubaya. Kata nyingi za mkoa huu zisingekuwa na mtandao hata mmoja kama kila kampuni ingelazimika kusimamisha chuma chake na jenereta lake. Mkoa ulioishi miaka mingi kwa umeme wa majenereta ya dizeli unajua dizeli inavyotafuna hesabu. Wakichangia, gharama inashuka na sisi tunapata. Ninachogomba nacho ni kitu kilichochangiwa kuuzwa kama vitu vitatu visivyojuana.

Nyuma ya mnara kuna faiba. Mkongo wa Taifa, njia kuu ya faiba ya nchi inayosimamiwa na shirika la simu la TTCL, ndio uliotutoa kwenye enzi za kusubiri ukurasa mmoja ufunguke huku chai inapoa, na makampuni hukodi nafasi humo. Halotel, ya Viettel ya Vietnam, ilipoingia 2015 ilikuja na faiba yake iliyojichimbia nchi nzima, kwa hiyo siyo kweli kwamba kila kitu kinapita mtaro mmoja. Lakini wewe ukiwa dukani kwako Gungu utajuaje kipi kinapita wapi? Mabasi ya kampuni tatu yanaweza kuondoka Kigoma asubuhi kwenda Tabora, rangi tatu, nauli tatu, na wapiga debe wanaotukanana. Yakipita Uvinza, yote yanavuka Malagarasi kwenye daraja moja. Siku daraja likifungwa, tiketi tatu mfukoni hazikupeleki popote.

Tuliliona hilo kwa taifa zima. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kusini, kwenye bahari ya Afrika Kusini. Upande wa kaskazini, SEACOM ilikuwa imeshajeruhiwa Bahari ya Shamu tangu Februari mwaka huo. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Nyumbani kwangu simu mbili za mitandao tofauti ziligeuka saa za mezani. Mtu aliyekuwa na laini nne siku ile alikuwa na saa nne za mezani. Hakuna kampuni ya Philadelphia wala Hong Kong ambayo ingemsaidia, kwa sababu wapagazi wote walikuwa wamekaa upande mmoja wa mto uliofurika.

Methali inasema mshika mbili moja humponyoka. Huku kwetu anayeshika mbili zilizofungwa kwenye kigingi kimoja zinamponyoka zote.

Njia iliyo tofauti kweli ipo, na watu wa hapa wanaijua kwa sababu wanaitazama ng'ambo. Starlink, intaneti ya setilaiti, ilianza Rwanda 2023 na Burundi 2024. Setilaiti haijui mnara wala mtaro, na laini ya setilaiti ikiunganishwa na laini moja ya simu, hiyo ni ndoa yenye maana kuliko laini tano za simu. Ndiyo maana huwezi kukaa kijiweni Kibirizi dakika kumi bila mtu kukwambia kuna jamaa anaweza kuvusha dishi kwa boti. Nawashauri wadogo zangu wasijaribu. Kifaa cha mawasiliano kinachofanya kazi hapa bila idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ni kesi iliyopakwa rangi nyeupe. Na mpaka wenyewe ni mchezo. Vijiji vyetu vya kaskazini, kando ya Ziwa Tanganyika, tayari simu zao hulala Tanzania zikaamka zimekaribishwa Burundi kwa ujumbe mfupi, na salio limeshaliwa. Programu ya kuunganisha haijui mpaka. Ikiona laini ina nguvu inaitumia, na bili ya ng'ambo utaijua baadaye.

Kuna jambo la sheria ambalo wauzaji hawalitaji kabisa. Kwa kuwa mafurushi yote yanapitia kwa mwenye daftari yakiwa yamefungwa, programu hizi kiufundi ni VPN, yaani njia ya faragha inayoficha unachotuma na unakoelekea. Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo likiwataka watu na kampuni wanaotumia VPN kutoa taarifa zao, na kikomo kikawekwa tarehe 30 mwezi huo. Kijana wa Mwanga hakuwahi kuwaza kwamba anatumia VPN. Yeye alinunua "kasi". Mtu anayefanya biashara halali kwa kuunganisha laini atoe taarifa na abaki na uthibitisho wake, badala ya kusubiri aulizwe. Na ningependa mamlaka nayo itofautishe hadharani kati ya anayejificha na anayetafuta megabiti nne za kurushia harusi, kwa sababu kwa tangazo lilivyo, wote wamevaa kanzu moja.

Hiyo VPN ina uchungu mwingine wa kila siku. Yale mabando ya bei nafuu ya WhatsApp na mitandao ya kijamii yanafanya kazi kwa sababu mtandao unaona unaelekea wapi. Ukishafunga kila kitu ndani ya furushi lisiloonekana, mtandao hauoni WhatsApp, unaona data tu, na unakata kwenye bando kubwa. Nimemwona mtu akigomba na wakala kwamba kaibiwa, kumbe kajiibia mwenyewe. Tena programu hizi zina hali ya tahadhari ambapo kila furushi linatumwa mara mbili, kwenye laini mbili, ili moja likipotea lingine lifike. Ni hali nzuri sana kwa mazungumzo muhimu, na inakula bando mara mbili. Ukiisahau imewashwa usiku kucha huku simu inajisasisha, asubuhi utaamka maskini.

Basi nani anunue? Wakala wa forodha pale bandarini, ambaye mzigo wa Kalemie au Uvira unalala siku nzima kwa sababu fomu imekataa kupanda, anunue, ila awe na faiba ofisini na laini ya simu kama mwenza wake. Asiweke laini mbili za simu akadhani amejikinga. Achague pia huduma yenye seva karibu, na ajaribu kwanza kama mifumo anayoingia inakubali, kwa sababu ipo inayomkataa mtu anayeonekana amebisha hodi kutoka nchi nyingine. Mpiga video naye anunue. Mwenye nyumba anayetaka tamthilia isikwame ahifadhi hela yake. Ruta ya kawaida ya kugawa mzigo inamtosha, na mara nyingi kusogeza modemu kutoka nyuma ya kabati hadi dirishani kunampa zaidi ya programu yoyote.

Kupima tofauti ya laini kabla ya kulipa hakuhitaji mhandisi. Subiri umeme ukatike, uangalie ni laini zipi zinakufa pamoja na ipi inabaki. Huo ni mtihani ambao mkoa wetu unatupa bure. Nenda eneo la kazi mapema, tazama juu, hesabu minara na siyo matangazo. Siku mtandao mmoja ukiwa chini, jaribu mwingine hapo hapo na uandike. Baada ya miezi miwili daftari lako litakuwa limejua kuhusu faiba ya Kigoma kuliko muuzaji yeyote.

Lakini kwa nini niandike mimi? TCRA hutoa takwimu kila robo mwaka, na ndimo tunamojua laini ngapi zimesajiliwa na nani ana wateja wangapi. Sioni sababu ya kutokuwepo ukurasa mmoja unaosema, kwa kila wilaya, mitandao mingapi inategemea njia moja ya faiba, na minara mingapi ina mpangaji zaidi ya mmoja na betri za saa ngapi. Wakisema ni siri ya biashara au ya usalama, sawa, wasichore ramani. Waandike namba tu. Tuseme, Wilaya ya Uvinza: njia moja. Kasulu: mbili. Mtu anayefungua zahanati au ofisi ya uwakala angejua anunue nini, na kampuni zingeona aibu kidogo, na aibu kidogo imewahi kujenga vitu vingi katika nchi hii.

Kijana wa Mwanga bado anafanya kazi. Anatumia programu ile ile, ila siku hizi siku mbili kabla ya shughuli anakwenda ukumbini, anazima laini moja moja, na kama kuna jirani mwenye faiba anamwomba nenosiri kwa makubaliano ya soda na nyama ya harusi. Wiki iliyopita alinionyesha karatasi yake mpya ya bei. Kurekodi, kuhariri, flashi mbili, droni ukitaka. Kwenye mstari wa mwisho, mahali pa kurusha mubashara, ameongeza kwa kalamu: "Kwa kadiri ya mnara."